Tuulize Kabla ya Kuuza Mbuzi

Namjua kijana mmoja ambaye kikundi chake kiliuza mbuzi kumlipia karo. Akamaliza diploma ya umeme, akaenda chuo kikuu kusomea uhandisi. Akaambiwa hisabati aliyosoma haitoshi, aanze mwaka wa kwanza. Na mbuzi wameshakwisha!

Njia ipo. Aliyekosa C+ ya kuingia digrii, akiwa na C- ya KCSE aanze diploma. Mwenye D aanze na cheti. North Eastern National Polytechnic tunayo hapa hapa Garissa.

Lakini kabla ya karo, kijana aandikie chuo kikuu anachotaka, tuseme Technical University of Mombasa: je, mnapokea diploma hii? Kwa pasi ya kiwango gani? Masomo gani mtanihesabia? Digrii yenu imekubaliwa na Bodi ya Wahandisi? Ajibiwe kwa maandishi, si kwa simu.

Hisabati asiikwepe. Silabasi na matokeo ya kila muhula aweke kwenye faili, jamani, si chini ya godoro mchwa wale.

Jibu likija, lisomeni kikundini kwanza, ndipo mbuzi waende sokoni.