KIPUPWE, MBWA NA NDEGE WA BONDE LETU
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nilipopata barua ya kuniomba nizungumze hapa, nilidhani nitatakiwa kusema juu ya utumishi wa serikali, maana ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipotoka Chuo Kikuu. Ndugu Katibu akanijibu kwamba juu ya utumishi wa serikali mmekwisha kusikia vya kutosha, na kwamba afadhali niwaeleze habari za yule mbwa. Basi nitaeleza. Lakini nawaonya mapema kuwa habari za mbwa zitatufikisha kwenye hoja namba nne ya mkutano wa mchana, na mwenye hoja hiyo, kwa bahati mbaya, ni mimi.

Waliosoma hapa wanakijua kipupwe cha Kisondela. Nilipoingia Kidato cha Kwanza mwaka 1994 nilikuja na blanketi moja, kwa sababu kaka aliyenitangulia aliniambia moja linatosha. Kaka huyo alikuwa amekwisha kuhamia Dar es Salaam. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka kutoka Mlima Rungwe ukakaa juu ya migomba kama mgeni asiyeaga. Huku Tukuyu mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, na hata katika miezi ambayo wenzetu wa Dodoma wanasahau mvua inafananaje, sisi tunapata manyunyu. Kutoka nje alfajiri ilikuwa adhabu, na aliyepewa zamu ya kuteka maji alisikitikiwa na darasa zima.

Miaka mitatu iliyopita daktari alinipima shinikizo la damu. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaniuliza ninafanya kazi gani. Nilipomjibu hakuuliza la pili. Aliniagiza nitembee kwa miguu saa nzima kila siku. Likizo yangu huangukia Julai, nami huja kwa mama, hapa hapa Kisondela. Nilipomweleza maagizo ya daktari, mama akasema, "Mchukue Watasema. Mtu mzima hatembei ovyo asubuhi peke yake, watu watadhani umechanganyikiwa."

Watasema ni mbwa wake, jike, rangi ya udongo, sikio moja limekatika. Sababu ya jina hilo majirani wanaijua, nami si mtu wa kuifukua. Ila walisema kweli kweli. Siku ya kwanza tu tulikutana na mzee amebeba mkungu wa ndizi.

"Ndaga, tata," nikamwamkia.

"Ndaga, mwanangu. Mnawinda nini?"

"Hatuwindi, tata. Tunatembea tu."

Akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akavitazama viatu vyangu vya mpira. "Kumbe mishahara yenu imepungua kiasi hicho," akasema, akaenda zake akitikisa kichwa.

Ndugu zangu, mbwa hatembei kama mtumishi wa serikali. Mtumishi anajua anakokwenda na saa ya kufika. Mbwa husimama. Wiki ya kwanza nilimvuta kwa kamba, tukachukiana. Wiki ya pili nilichoka, nikaanza kusimama anaposimama na kutazama anakotazama. Hapo ndipo niligundua kwamba njia ile ya kwenda mtoni, niliyoipita mara elfu nikiwa mwanafunzi, sikuwahi kuiona.

Kitu cha kwanza kilikuwa kwale. Watasema alikaza shingo mbele ya majani ya chai, mguu mmoja juu, na kwale watatu wakaruka kwa kishindo hata mimi nikapiga kelele. Tangu siku hiyo simwachii kamba, maana yeye nia yake si kutazama. Kisha kwarara, wale wenye midomo mirefu iliyopinda, wanaopita juu ya ukungu wakipiga kelele kama watu wanaogombea shamba. Kisha tiva mweusi tititi, ambaye haonekani kirahisi lakini dume na jike hujibizana kichakani kwa filimbi, mmoja akianza na mwingine akimaliza, hata unaweza kudhani ni ndege mmoja. Na siku ya tisa, katika kile kisitu cha bondeni chini ya shule, kulukulu.

Nisimame kidogo kwa kulukulu. Akitulia mtini ni wa kijani, humwoni. Akiruka, mabawa yanafunguka mekundu kama yamewaka moto. Wataalamu walikwisha kuonyesha katika karne ya 19 kwamba wekundu ule una madini ya shaba ndani yake, kitu cha nadra sana katika manyoya ya ndege. Mimi nilikuwa nimeuona wekundu huo kwa karibu zaidi ya wataalamu. Nikiwa Kidato cha Pili tulikuwa na kikundi cha manati, na kulukulu mmoja nilimwangusha mwenyewe, katika kisitu hicho hicho. Tulimchoma nyuma ya jiko. Nyama ilikuwa kidogo na ngumu. Unyoya mmoja niliuweka ndani ya kamusi yangu, na mpaka leo umo.

Siku ile nilisimama na Watasema mpaka kulukulu akahama mti. Nilipofika nyumbani nikanunua daftari dukani, la kurasa 96, nikaandika tarehe, saa, mahali na ndege. Ni tabia ya ofisini tu. Tunajua sote kwamba jambo lisilo na jalada halipo.

Daftari lilinifundisha kwamba kipupwe ni majira ya wenyeji. Mbayuwayu wa Ulaya na korongo weupe, tunaowaona Desemba na Januari, huwa wamekwisha kuondoka tangu Machi na Aprili kwenda kuzaa kwao. Watu wa Ulaya kwa karne nyingi hawakujua ndege hao huenda wapi wakati wa baridi. Wako waliodhani mbayuwayu hulala chini ya matope ya maziwa. Mwaka 1822 huko Mecklenburg, Ujerumani, alipatikana korongo mwenye mkuki wa Kiafrika uliopita shingoni, naye bado anaruka. Huyo korongo amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock hadi leo. Huwa namfikiria mtu aliyerusha mkuki ule, aliyerudi nyumbani bila kitoweo na bila mkuki, asijue kwamba ametuma barua.

Na si wa Ulaya peke yao wanaohama. Yuko mbayuwayu buluu, anayezaa katika nyasi za Kitulo, hapo juu mashariki yetu, wakati wa masika. Baridi ikianza yeye huondoka kwenda nchi za kando ya Ziwa Victoria, hadi Uganda. Huyu amepungua sana duniani, maana nyasi anazozaa zinalimwa na kupandwa miti. Kitulo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na sifa yake kubwa ni maua. Wachache wanajua kuwa inalinda na huyu.

Niliposoma zaidi nilikuta kwamba tiva wetu yule wa kichakani anaitwa, katika vitabu vya kisayansi, kwa jina la Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyezunguka pande hizi mwishoni mwa karne ya 19 akikusanya wanyama. Mwaka 1900 walimpa jina lake tiva, na pia ndege mwingine wa nyasi za milimani, mwenye koo la njano na mkufu mweusi. Sina ugomvi na marehemu. Lakini nilipomwuliza mama, alinitajia majina ya ndege kumi na saba kwa Kinyakyusa bila kusita, na mimi mwenye shahada nilijua manne. Mnakumbuka habari za kipunji, yule nyani wa Mlima Rungwe aliyeushangaza ulimwengu. Watafiti walimwona mwaka 2003, wakamtangaza 2005. Walianza kumtafuta kwa sababu wawindaji wa kwetu walikuwa wakimtaja, na kwa jina. Wawindaji hao hawakuwa na daftari.

Wadogo zangu, nawaona mnacheka manati. Hata Wamarekani walikuwa nayo, tena kwa bunduki. Siku ya Krismasi walikuwa na desturi ya kugawana pande mbili na kushindana nani ataua ndege na wanyama wengi zaidi. Mwaka 1900 bwana mmoja, Frank Chapman, akapendekeza wahesabu badala ya kuua. Mwaka huo wa kwanza walijitokeza watu 27 katika sehemu 25. Hesabu hiyo inaendelea kila mwaka mpaka leo, na kwa sababu hawakuiacha, wanaweza kusema ndege gani amepungua, wapi, na tangu lini.

Neno moja kabla sijasahau, kwa wale watakaotaka kutembea na mbwa. Watasema amechanjwa. Mbwa asiyechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa asifuatwe wala asishikwe, na mtu akiumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri kuona kama ataugua. Dalili zikishaanza hakuna dawa.

Sasa hoja namba nne. Miaka miwili iliyopita nilisimama hapa hapa nikapendekeza kwamba kisitu cha bondeni kikatwe, mbao ziuzwe, na mahali pake ipandwe mikaratusi ya kuni na nguzo, ili tupate fedha za paa la bweni. Mlipiga makofi. Niliandika andiko mwenyewe, kurasa sita, lenye jedwali la mapato. Katika kurasa zote sita kisitu kimeelezwa kwa maneno manne: "eneo lisilo na matumizi."

Daftari langu sasa lina asubuhi 58 za kipupwe. Katika njia nzima nimeandika aina 43 za ndege, na 31 kati ya hizo nimeziona katika kisitu hicho, ambacho ukikikata kwa miguu unakimaliza kwa dakika nne. Nimepima pia kwa hatua kutoka kwenye kijito. Sehemu kubwa ya miti imo ndani ya mita 60 za ukingo, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya umbali huo shughuli zinazoweza kudhuru kingo za mito. Mikaratusi hunywa maji mengi, na kijito hicho ndicho mnachokinga maji ya jikoni. Mimi ni mtumishi wa serikali, ndugu zangu. Sheria hiyo ilikuwa kabatini mwangu siku ninaandika andiko.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naondoa hoja yangu, na naomba iandikwe katika kumbukumbu kwamba nimeiondoa mwenyewe. Badala yake natoa miche 200 ya migravilea ipandwe kule juu, kando ya barabara, ambako sasa kuna magugu. Mweka Hazina atasema migravilea itachukua miaka kabla ya kutoa hata ubao mmoja, na bweni linavuja leo. Ni kweli. Nililala katika bweni hilo, na kitanda kilicho chini ya tundu kilikuwa changu. Nimeweka mezani mchango wangu wa kuanzia wa mabati, na nitasikiliza mengine mchana.

Daftari nimemkabidhi Mwalimu wa Biolojia. Kurasa thelathini na moja bado ni tupu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa langoni na Watasema. Anayetaka kuja avae sweta mbili, na manati ayaache kwa Mwalimu wa Zamu.