Usonji Unapofichwa: Namna ya Kumtambua Kijana Anayejilazimisha



Tunapozungumzia usonji, mara nyingi tunamfikiria mtoto mdogo asiyesema. Vitengo kama kile cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Ilala, vimefanya kazi kubwa kwa watoto ambao hali yao inaonekana. Leo namzungumzia kijana wa sekondari ambaye hali yake haionekani. Anasema vizuri, anafaulu, na mwalimu humwambia mama yake, "Huyu hana tatizo lolote." Akifika nyumbani hujifungia chumbani, hataki chakula wala sauti ya redio, pengine hulia. (Nasema mama kwa kuwa ndiye ajaye ofisini, akina baba nao wanakaribishwa.)

Kijana huyo ameshinda akijificha. Amecheka kwa kuwa wenzake wamecheka, ameandaa kichwani maneno ya kusema wakati wa mapumziko, ameizuia mikono yake isipepee. Tafiti za nje zimeihusisha hali hiyo na wasiwasi, sonona, hata fikra za kujiua.

Je, jambo lililofichwa hupimwaje? Wapo wataalamu wanaolinganisha yale yanayoonekana kwa nje na yale ambayo mhusika huyapitia ndani. Pengo baina ya hayo mawili ndilo kipimo. Wengine humuuliza mwenyewe. Huko Uingereza, Laura Hull na wenzake walitunga dodoso liitwalo CAT-Q, lililochapishwa mwaka 2019. Lina sentensi 25, kila moja ikijibiwa kwa ngazi 7, hivyo jumla huwa kati ya 25 na 175. Lilijaribiwa kwanza kwa watu wazima, kisha watafiti wakaanza kulitumia kwa vijana balehe. Alama kubwa peke yake haithibitishi usonji, maana hata wasio na usonji hujificha kwa kiasi fulani.

Hapa kwetu dodoso hilo halifai kutafsiriwa neno kwa neno. Sentensi yake moja humtaja mtu asiyeona haja ya kuwatazama wengine machoni asipotaka. Anayeikubali huhesabiwa kuwa hajifichi. Sasa mchukueni binti wa Mbagala aliyefunzwa kuinamisha macho anapomwamkia mkubwa shikamoo. Ataikubali kwa adabu, na alama zake zitapungua, ilhali huenda anajificha kutwa nzima. Na hapo ndipo ninapowahofia zaidi mabinti. Katika tafiti za Uingereza, wanawake wenye usonji walipata alama za juu kuliko wanaume wenye usonji; nasi huku humsifu binti mkimya kuwa ametulia, tusimuulize utulivu huo unamgharimu nini.

Kwa hiyo nawaomba wazazi msije na neno "amebadilika" pekee. Andikeni kwa wiki mbili: amerudi saa ngapi, alikaa peke yake kwa muda gani, alikula au hakula, siku za mapumziko zilikuwaje. Mwalimu naye aandike anachokiona darasani. Maandishi hayo mawili yakipishana sana, msibishane nani mkweli. Kule kupishana ndiko tunakokutafuta. Yaleteni kwa Afisa Ustawi wa Jamii, kisha yapelekwe hospitali ya Mwananyamala au Temeke, na ikibidi mpewe rufaa ya Muhimbili.

Kijana mwenyewe aulizwe pia, saa ya utulivu na si mara tu anaporudi. Akipenda kuandika kuliko kusema, apewe karatasi. Swali liwe jepesi: leo ulijilazimisha kufanya nini ili usionekane tofauti? Akijibu, asikemewe, wala asiambiwe ajikaze.