Siku ya Kungojea: Kuzunguka Visiwa vya Lamu kwa Jahazi

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na waongoza watalii, wenye vyombo na manahodha chipukizi

 

Nimeombwa niseme machache kuhusu marafiki wanaokodi chombo kuzunguka visiwa vyetu. Mnawajua wageni hawa. Ni watu watano au sita waliosoma pamoja, wamechanga pesa kwa miezi, na wana siku tano tu za likizo. Wamesoma habari za mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wanadhani wakishauona na kuogelea Shela wameshamaliza. Kazi yenu ni kuwaambia kwamba Lamu ni kisiwa kimoja tu. Kuna Manda, kuna Pate, kuna Ndau, kuna Kiwayu.

Agosti iliyopita nilikuwa mgeni wa aina hiyo katika kaunti ninayoifanyia kazi. Tulikuwa watano, wenzangu wanne wa chuo na mimi. Tulikodi jahazi lenye tanga na mashini ya akiba, pamoja na nahodha na mabaharia wawili. Nitawasimulia safari hiyo kwa sababu ndani yake kuna jambo moja linalowahusu nyinyi moja kwa moja, nalo ni jinsi bei inavyopangwa.

Siku ya kwanza tuliingia Takwa, upande wa Manda. Wengi wenu mmefika huko mara nyingi, lakini mgeni hajui kwamba ule mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko hauingiliki maji yakiwa yamekupwa. Mmoja wetu alitaka tunywe chai kwanza, twende saa nne. Nahodha akamwambia maji hayangoji chai. Tukaenda alfajiri, tukayatembelea magofu ya msikiti na lile kaburi la mnara, tukatoka kabla matope hayajaonekana. Ule mji ulikaliwa kati ya karne ya 15 na ya 17, na hata wakati huo, nadhani, watu wake waliingia na kutoka kwa saa za maji.

Kutoka hapo tulipitia Mkanda hadi Pate, tukashuka Mtangawanda. Pate peke yake inatosha siku tatu, na ninasema hivi kwa sababu waongoza watalii wengi huipa nusu siku. Mna Shanga, ambako wachimbaji wa mambo ya kale walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8. Mna ngome ya Siyu. Mna ile habari ya Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858. Wenzangu waliusoma utendi huo darasani bila kujua Siyu iko wapi. Mwambie mgeni jambo hilo akiwa amesimama Siyu yenyewe, na uone uso wake.

Ndau tulipita tu. Kiwayu tulilala siku mbili. Kisiwa hicho kiko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na upande wake wa nje kasa hupanda kutaga mayai. Ni chembamba, unaweza kupanda juu ya kilima na kuona bahari pande zote mbili. Neno moja kuhusu maji ya kunywa: vijiji vya huko hutegemea sana mvua inayokingwa kwenye jabia. Kundi la watu wanane likioga na kufua kwa maji ya jabia siku mbili, kuna mama atakayekosa ndoo yake. Sisi tulibeba mitungi yetu kutoka Lamu. Liwekeni hilo kwenye bei, msimwachie mgeni aamue.

Sasa nifike pale nilipotaka kufika. Asubuhi ya kurudi, mwenzetu mmoja alikuwa na ndege ya mchana kesho yake pale Manda. Kutoka Kiwayu hadi Lamu ni takriban kilomita 50, na ilikuwa bado kusi. Wakati wa kwenda, kusi lilitusukuma vizuri. Kurudi ni kulikabili usoni. Pale tulipotia nanga, maji yalikuwa kama ya karai. Nahodha akapanda kilimani, akakaa huko muda, akashuka akasema leo hatuondoki.

Mwenzetu akamwambia, "Mzee, bahari mbona imetulia?"

"Hapa imetulia, mwanangu. Hapa tuko nyuma ya kisiwa. Pale mlangoni kati ya visiwa ndipo penye maneno."

Zilitolewa hoja nyingi. Ndege imeshalipiwa. Kazini wanamsubiri. Mashini ipo. Mwisho likaja lile ambalo kila nahodha hapa amelisikia: tutakuongeza pesa. Mzee hakubishana. Alimwambia baharia apike wali, basi. Tulikaa hadi kesho, upepo ukapungua alfajiri, tukaondoka. Mwenzetu alikosa ndege, na kwa siku mbili hakumsemesha mtu.

Nilimuuliza nahodha baadaye, tukiwa tumefika, ni nini kilichomwezesha kusema hapana mbele ya watu watano wenye pesa mkononi. Nilitarajia aniambie habari za ujasiri. Akaniambia habari za malipo. Kabla ya safari alikuwa ametutoza siku tano za safari na siku moja ya kungojea. Tukiitumia, ni haki yake. Tusipoitumia, anaturudishia nusu. Kwa hiyo asubuhi ile ya Kiwayu, kubaki hakukumpotezea hata shilingi, na kuondoka hakukumletea faida.

Mkubaliane nami au msikubaliane, lakini naona hapo ndipo penye usalama wa chombo kabla hata ya jaketi. Nahodha anayelipwa kwa kufika tu, siku moja atafika kwa lazima. Ana watoto, mwenye chombo anamdai, kundi jingine linamngoja Ijumaa. Mnamweka kwenye mizani, upande mmoja upepo, upande wa pili karo. Tukimlaumu baada ya ajali, tuwe tumeuliza kwanza nani alipanga bei ile.

Jaketi bila shaka ziwepo, moja kwa kila kichwa, watoto wapate za kimo chao, na zivaliwe, zisikaliwe kama mito. Orodha ya abiria ibaki nchi kavu kwa mtu mnayemjua, pamoja na saa mnayotarajia kufika. Tazameni mwezi mnapopanga tarehe: wakati wa bamvua maji hukimbia kwa nguvu na hukupwa mbali, na baadhi ya njia za mikoko zitawafungia nje. Haya mnayafahamu kuliko mimi.

Lile la siku ya kungojea ndilo ninaloomba mlijadili leo, wenye vyombo mkiwemo. Najua swali litakuwa la ushindani: nikiongeza siku, mgeni ataenda kwa jirani aliye rahisi. Ni kweli, ikiwa mmoja ataongeza na wengine wasiongeze. Ndiyo sababu limeletwa kwenye kikao chenu nyote, halikupelekwa kwa mtu mmoja mmoja. Kwenye meza ya mlangoni kuna nakala za makubaliano ya mfano, ukurasa mmoja kwa Kiswahili na mmoja kwa Kiingereza. Nafasi ya kiwango cha pesa imeachwa wazi, mtaijaza nyinyi. Wazee wa gati wamekubali kuanza kusema, na nadhani Mzee aliyeinua mkono pale nyuma ana neno.