Upepo wa Breki Kwanza, Mifuko Baadaye

Hotuba ya afisa wa habari wa Kaunti ya Kakamega kwa wenye malori ya miwa, madereva, utingo na mafundi wa jua kali, Malava



 Najua miwa haingoji. Ikikaa juu ya trela inakauka na kilo zinapotea, kwa hivyo sitawaweka hadi jioni. Kazi yangu ni habari, si spana, na haya nitakayosema nimeyapitia na mafundi kabla ya kusimama mbele yenu.

Wapo wenye magari wanaotaka kutoa springi za chuma na kuweka mifuko ya upepo. Mwenye pikapu anataka gari lishuke na kupanda kwa swichi. Mwenye lori anataka mzigo usirushwerushwe kwenye mashimo. Si jambo la ajabu, kwani mabasi na malori mengi makubwa hutoka kiwandani yakiwa na mifuko hiyo. Lakini mfuko hauinuki wenyewe. Unahitaji upepo, na mimi nauliza: upepo huo unautoa wapi?

Kwenye lori jibu la haraka ni kompresa ya injini. Ipo tayari, imefungwa ubavuni mwa injini, inazungushwa na gia au mkanda, inapata oili ya injini na kupozwa na maji ya injini. Inajaza matangi hadi kama 120 au 130 psi, kipimo kile kile mnachotumia kujaza magurudumu. Hapo kifaa kinachoitwa gavana huiambia ipumzike. (Si gavana wetu wa kaunti. Huyu wa lori hupumzika kila baada ya dakika chache.) Upepo ukishuka hadi kama 100, gavana anairudisha kazini.

Sasa fundi anaona tangi limejaa, anaona tundu lenye nati, anafungua na kuunganisha mpira wa kwenda kwenye mifuko. Kazi imeisha, gari limeinuka, mteja amefurahi. Ndugu zangu, hapo ndipo penye hatari. Tangi lile ni la breki. Mfuko mmoja ukitobolewa na jiwe, au mpira ukisuguana na fremu hadi ukapasuka, upepo wa breki unatokea hapo hapo.

Fikirieni lori limetoka Kakamega, limepita Chavakali na Majengo, sasa linateremka kutoka Kiboswa kwenda Mamboleo. Dereva anakanyaga na kuachia, na kila akikanyaga anatumia upepo. Huku nyuma mfuko unavuja. Geji ikifika kama 60 kengele inalia. Ikiendelea kushuka, breki za mguu zinalegea, na kati ya 45 na 20 zile springi kubwa zilizo ndani ya chemba za breki zinabana zenyewe. Mwendo huo, mzigo huo, na matatu nyuma yako.

Kubana huko ni kwa makusudi. Mmarekani George Westinghouse alipopata hataza ya breki ya upepo ya treni mwaka 1869, bomba likikatika breki zilikwisha. Mwaka 1872 akaigeuza: upepo ukipotea, treni inajifunga. Lori lako lina akili hiyo hiyo. Ila ni ya dharura, haikuwekwa ili ikusimamishe kila siku mteremkoni.

Dawa si ghali. Mifuko iwe na tangi lake peke yake, na kati ya tangi hilo na la breki kuwe na vali ya kulinda upepo wa breki. Vali hiyo haifunguki mpaka breki ziwe zimepata upepo wao wa kutosha, na upande wa mifuko ukivuja inajifunga breki zikiwa bado na nguvu. Honi za upepo nazo zipite njia hiyo hiyo. Fundi akikuambia vali si lazima, tafuta fundi mwingine.

Mwenye pikapu hana kompresa ya upepo kwenye injini. Anaweza kununua pampu ndogo ya umeme, lakini hiyo hupata moto haraka na inahitaji kupumzishwa. Ndiyo maana wengine huchukua kompresa ya kiyoyozi kutoka gari kuukuu, wakaifunga kwenye mkanda wa injini ivute hewa ya kawaida. Inafanya kazi, na inatoa upepo mwingi kuliko pampu ya umeme. Lakini angalia aina. York za zamani zina oili yao chini, kama injini. Nyingi za kisasa hutegemea oili inayozunguka pamoja na gesi ya kiyoyozi. Ukiondoa gesi bila kuweka njia nyingine ya oili, itakwama, na mkanda ule ule huenda ndio unaozungusha pampu ya maji. Weka pia vali ya usalama kwenye tangi na swichi ya kuizima likijaa. Tangi la kuokota, lenye kutu, usilitie upepo kabisa.

Hali yetu hapa nayo ina neno. Kakamega mvua ni kama milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa yenye unyevu ikibanwa inaacha maji ndani ya tangi. Maji hayo huleta kutu na kuharibu vali. Mwaga kila siku kwa koki ya chini ya tangi. Yakitoka maji yenye oili nyingi, kompresa imechoka. Tena mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Mombasa kwa karibu asilimia 15, kwa hivyo kompresa ile ile hapa huchelewa zaidi kujaza tangi. Usiongeze mifuko bila kuhesabu hilo.

Kuna jambo wenye malori ya miwa hawapendi kulisikia kutoka kwangu. Springi ya chuma ikizidiwa inalala na kila mtu anaona. Mfuko wenye vali ya kusawazisha huongeza upepo na lori linabaki limenyooka, huku uzito uko pale pale. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye magurudumu manne. Mizani haitazami kama gari limenyooka. Wala murram zetu za vijijini.

Ukishabadilisha gari, lipeleke likakaguliwe na NTSA kabla halijarudi kazini, na uiarifu kampuni yako ya bima. Na tafadhali, asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na mifuko peke yake. Mfuko ukitoa pumzi, gari linashuka mara moja. Weka stendi za chuma.

Lori liko nje. Magurudumu yamewekewa vigingi, matangi yamejaa na injini imezimwa. Fundi ataachia breki ya maegesho nasi tutazame geji kwa dakika moja. Katika mtihani wa leseni ya malori kule Marekani, lori lisilo na trela halitakiwi kupoteza zaidi ya psi 2 kwa dakika hiyo, na breki ikikanyagwa, zaidi ya 3. Twendeni tuone hili letu litapoteza ngapi, kisha kila dereva akapime lake.