Gunia Moja, Mboga za Nyumbani

Leo tunazungumza na wale wa mjini, mnaoishi katika vyumba vya kupanga, ua ni mmoja na wapangaji ni wengi. Kila jioni ni lazima utoe pesa ya mboga. Mwisho wa mwezi mtu akipiga hesabu, anaona fungu la mchicha si kitu kidogo hata kidogo.

Mtaniuliza: tulime wapi? Jibu ni hili: tulime kwenda juu. Gunia likijazwa udongo, upana wake chini ni kama sentimita 50 tu. Lakini ubavu wake wote, kwa kimo cha sentimita 80, ni zaidi ya mara sita ya nafasi hiyo. Huko Kibera, Nairobi, baada ya ghasia za uchaguzi wa mwishoni mwa 2007, bustani za magunia zilienea tangu 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités likiwafundisha wakazi. Kama Kibera wamepata nafasi, nasi tutapata.

Sasa basi, kazi yenyewe. Tafuta gunia la nailoni la nafaka. Gunia la katani huoza upesi. Lile lililotiwa dawa au mbolea ya chumvichumvi, achana nalo. Changanya ndoo tatu za udongo na ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi itaunguza miche.

Chukua kopo kubwa, litoboe kitako. Lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze kokoto, na pembeni ujaze udongo. Kisha vuta kopo juu kidogo, jaza tena, hivyo hivyo mpaka juu. Ule mnara wa kokoto ndio njia ya maji. Bila huo, miche ya chini itakufa kwa kiu na ya juu itazama. Jazia gunia pale pale litakapokaa, penye jua, maana likijaa halibebeki. Liache mbali kidogo na ukuta, usije ukagombana na mwenye nyumba kwa unyevu.

Toboa matundu saba kwa kila mzunguko, mizunguko mitatu, ukiachanisha sentimita 20. Hapo panda sukuma wiki au spinachi, miche 21. Juu weka sita mingine, au vitunguu vya majani. Sukuma wiki huanza kuchumwa baada ya wiki tano au sita hivi. Chuma majani ya chini, kile kichwa cha juu ukiache kiendelee.

Maji je? Siku za jua kali gunia hutaka lita tano hadi kumi. Anayenunua maji kwa ndoo asipopiga hesabu hii, faida yote itaishia kwa muuza maji. Kwa hiyo mama, maji uliyooshea mchele na mboga usiyamwage. Ya sabuni nyingi usiyatie. Na ya mtaro wa vyoo, kabisa usiyaguse.

Ndugu zangu, hapa nasisitiza. Udongo wa karibu na gereji, jalala, au mahali wanapovunja betri, usiuchukue hata kama ni wa bure. Huenda una madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na ile iliyoingia ndani ya jani haitoki kwa kuosha. Heri ununue udongo safi kuliko kumlisha mwanao sumu uliyoipalilia mwenyewe.

Vidukari wakija, wafute kwa vidole chini ya majani kila asubuhi. Dawa kali za shambani hazifai mlangoni pa nyumba.

Anza na gunia moja. Likikulipa, ongeza la pili. Haya, jembe huna, lakini mikono unayo. Mpaka kipindi kijacho, kwaherini.