Jicho la Usiku Hupikwa Jikoni



Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu, mimi si daktari, ni mwanafunzi tu wa chuo. Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Mdogo wangu alipokuwa na miaka 4, mchana alikuwa akikimbia na wenzake vizuri, lakini magharibi ikiingia anapapasa ukuta. Ramadhani moja stima ilipotea wakati wa kufuturu, akaikanyaga sufuria, uji wote ukamwagika. Nikamzaba kofi. Jirani akasema mtoto ana shetani. Wallahi, hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, "Unaona?"

Swali hilo aliliuliza muuguzi, siku mama alipompeleka hospitali kwa homa. Kisha akauliza la pili: "Huyu anakula nini?" Mama akataja ugali, muhogo, tambi na chai. Basi shetani hakuwepo. Ulikuwa upofu wa usiku, kwa kukosa vitamini A.

Sasa, chakula na giza vinahusiana vipi? Kiasi cha miaka 1000 iliyopita, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alieleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga unaingia jichoni, si kwa sababu jicho linatoa miale. Likabaki swali: ukishaingia, unapokewa na nini?

Mwaka 1876 Franz Boll alichunguza macho ya chura. Aliona kwamba retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho, ni nyekundu ikitoka gizani, na ikipigwa na mwanga rangi hiyo inapauka. Leo tunaiita rodopsini. Imeungwa na vitu viwili: protini iitwayo opsini, na kitu kidogo kiitwacho retinali, ambacho hutokana na vitamini A. George Wald ndiye aliyeikuta vitamini A ndani ya retina mwaka 1933, na mwaka 1967 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Retinali imejikunja kama ndoana. Mwanga ukiigusa, inanyooka. Kunyooka huko ndiko kunakoiamsha opsini, na habari ikafika kwenye ubongo. Halafu rangi ile lazima iundwe upya. Ndiyo maana ukitoka kwenye taa kwenda tarawehe kwa njia ya giza, mwanzo huoni kitu, na jicho huchukua kama nusu saa kuzoea kabisa. Sasa mtoto asiye na vitamini A atairudishaje rangi hiyo?

Na si sisi peke yetu. Mbega wa Diani wana opsini za aina tatu za kuonea rangi kama sisi, na mbuzi wetu wana mbili. Hata vijidudu visivyo na macho wanazo za kwao. Ukienda Gongoni, kule upande wa Malindi, utaona mabwawa ya kukaushia chumvi ya bahari. Katika maji ya chumvi kali namna hiyo huishi vijidudu ambavyo, kama ilivyotangazwa mwaka 1971, vina rangi ya jamii hiyo hiyo yenye retinali, na huitumia kupata nguvu kutoka kwa jua. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba mtu mmoja, kipofu kwa miaka mingi, alitiwa jichoni jeni ya opsini iliyotokana na mwani. Akivaa miwani maalumu, aliweza kulitambua daftari juu ya meza.

Lakini kwetu sisi dawa ni rahisi zaidi. Tazama sinia ya futari: muhogo mweupe, viazi vyeupe, tambi, kaimati. Tumbo limeshiba, jicho lina njaa. Ongeza boga, papai, embe, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mchicha, kisamvu au mtsunga. Tui la nazi pia lina kazi yake, kwa sababu vitamini hii huhitaji mafuta ili iingie mwilini. Yai na maini kidogo ni bora zaidi. Na mtoto wa kuanzia miezi 6 hadi kabla ya miaka 5 apelekwe kituo cha afya kila miezi 6 apewe tone la vitamini A. Usimnunulie dawa na kumpa kwa kukisia, maana ikizidi ni sumu.

Mdogo wangu alipewa dawa, na haikupita wiki akatoka usiku bila kushikwa mkono. Kofi langu halikurudi. Kwa hivyo ndugu yangu, ukimwona mtoto anajikwaa magharibi, usimpige wala usimcheke. Muulize kwanza, "Unaona?" Kisha mpeleke hospitali upesi, kwa sababu upofu huu ukiachwa unaweza kuliharibu jicho moja kwa moja.