Tumbusi Wawili Kwenye Mzoga Mmoja: Umri Kwanza, Aina Baadaye

Mada yangu ni ya ndege wawili tu: tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell. Katika Serengeti na Maasai Mara hushuka pamoja kwenye mzoga wa nyumbu, na ni rahisi mno kuwahesabu wote kwa jina moja, “tumbusi”, kisha gari likaendelea. Naomba tuache zoea hilo. Mgongo-mweupe hujenga kiota juu ya miti, hasa migunga mirefu. Rüppell huzaliana kwenye majabali, kama yale ya milima ya Gol. Hesabu iliyowachanganya haiwezi kutuambia kama tulinde miti au majabali. Na muda hatuna: tangu mwaka 2015 wote wawili wamo katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na sumu inayopakwa kwenye mizoga ili kuua simba na fisi inaweza kuangamiza kundi zima kwa siku moja.

Wapevu hawasumbui sana. Rüppell ana jicho la manjano na mdomo wa manjano uliopauka, na manyoya yake ya kifuani na mabegani yana kingo nyeupe, hata mwili ukaonekana una magamba. Mgongo-mweupe ana jicho na mdomo wa rangi nyeusi, na mwili wa kahawia usio na magamba hayo. Huo mgongo wenyewe usiutegemee akiwa ametua, kwa kuwa mabawa huufunika. Utauona anaporuka au anapogombania nyama. Akiwa angani juu yako, tazama chini ya bawa: kwa mgongo-mweupe mpevu nusu ya mbele ni nyeupe na ya nyuma nyeusi, ilhali bawa la Rüppell ni jeusi lenye mstari mweupe karibu na ukingo wa mbele.

Kazi iko kwa wachanga. Rüppell mchanga ana mdomo mweusi, jicho jeusi, wala magamba hana. Mgongo-mweupe mchanga naye bado hana weupe mgongoni, na chini ya bawa lake kuna mstari mwembamba mweupe unaofanana na ule wa Rüppell. Rangi za utu uzima huchukua miaka kadhaa kukamilika, kwa hiyo katika kundi kubwa wachanga wanaweza kuwa wengi. Anayeamua kwa mdomo mweusi peke yake atamwandika kila Rüppell mchanga kuwa mgongo-mweupe, na makosa yote yataelemea upande mmoja.

Ndiyo maana nasema umri utangulie. Ukishajua ndege ni mchanga, weka kando alama za mdomo na jicho, utafute umbo. Rüppell ni mkubwa na mzito zaidi, na penye mzoga mara nyingi ndiye anayemsukuma mwenzake. Lakini ukubwa husaidia pale tu wanapokuwa wamesimama bega kwa bega. Mchanga aliye peke yake juu ya mti, mbali, dhidi ya jua, aandikwe “mchanga, aina haikutambulika”. Maandishi hayo yana thamani kubwa kuliko jina la kubahatisha.

Napendekeza fomu zetu za hesabu ziwe na safu ya umri kabla ya safu ya aina, na kila mchanga aliyepewa jina la aina aambatanishwe na picha iliyopigwa kutoka ubavuni.